Limfoma imetulia, sasa naishije? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilimaliza matibabu ya limfoma ya Hodgkin, mojawapo ya saratani za tezi za mwili (mitoki), mwaka 2016: dripu kumi na mbili za kemo, yaani dawa za kuua saratani, moja kila wiki mbili, kisha mionzi ya kifua. Tangu hapo, kila nikienda kliniki, waliomaliza juzi hunisogelea kwenye benchi na kuniuliza yale ambayo hawakupata nafasi ya kumuuliza daktari. Daktari ana foleni mlangoni, na mgonjwa aliyekwisha kuambiwa "vipimo viko vizuri" huona aibu kuendelea kukaa. Nimeandika majibu kama ninavyoyatoa pale benchini, baada ya kuwauliza na kuwauliza tena madaktari na wauguzi wanaonihudumia. Mimi si daktari. Pale jibu linapotegemea aina ya ugonjwa wako nimesema hivyo, na hapo swali mpelekee anayekutibu.

Kwenye faili wameandika "remisheni kamili". Ndiyo kupona?

Maana yake ni kwamba vipimo havioni tena saratani mwilini mwako. Kama ingekuwa imepungua sana lakini bado inaonekana, wangeandika remisheni ya sehemu. Neno "kupona" madaktari hulichelewesha kwa sababu chembe chache zinaweza kuwa zimebaki, chache kiasi kwamba hakuna mashine inayoziona. Muda ndio unaojibu.

Kinachofuata kinategemea aina. Limfoma ni jina la ukoo. Ndani yake kuna aina zaidi ya 60, na tabia zao hazifanani. Hodgkin, ile ya chembe B kubwa (chembe B ni aina ya chembe nyeupe za damu), na Burkitt hutibiwa kwa nia ya kuzimaliza kabisa, na wengi humalizana nazo. Ile ya folikula huenda polepole: hutulia kwa miaka, inaweza kurudi, ikatibiwa, ikatulia tena, na mtu akaishi nayo muda mrefu kama anavyoishi na kisukari. Kwa hiyo mwenye folikula akimsikia mwenye Hodgkin anasema "mimi yangu imekwisha", asijione kama hakutibiwa vizuri. Magonjwa yao ni mawili tofauti.

Watu wengine husema saratani "imelala". Neno hilo silipendi. Linamfanya mtu aishi akinyata ndani ya nyumba yake mwenyewe, kana kwamba kicheko au kazi nzito itaiamsha. Hakuna kicheko, ugomvi, kilio cha msiba wala ndoto mbaya inayorudisha limfoma.

CT inaonyesha uvimbe bado upo kifuani. Mbona wanasema nimetulia?

Uvimbe mkubwa ukifa huacha kovu, na kovu halina pa kwenda. CT, ile picha ya mionzi inayotengenezwa na kompyuta, hupima ukubwa tu. Haijui kama kilichopo ni hai au kimekufa. Kipimo cha PET ndicho kinachoonyesha sehemu zinazokula sukari kwa kasi, na majibu yake husomwa kwa ngazi ya Deauville, kuanzia 1 hadi 5, iliyopewa jina la mji wa Ufaransa ambako wataalamu walikutana mwaka 2009 kukubaliana namna ya kuyasoma. Namba 1, 2 na 3 kwa kawaida ni habari njema baada ya matibabu. PET haipatikani kila hospitali; wengi wetu wa Tanzania tumewahi kuambiwa habari za Nairobi, na gharama si ya mchezo. Usipoipata, daktari hulinganisha CT mbili zilizopishana miezi michache. Kovu hubaki vilevile au husinyaa.

Hatari ya kurudi ni kubwa zaidi lini?

Mwanzoni. Burkitt ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Ya chembe B kubwa, sehemu kubwa ya zinazorudi hurudi ndani ya miaka miwili; aliyefikisha miezi 24 bila kurudiwa, uwezekano wake wa kuishi unakaribia sana ule wa mtu wa umri wake ambaye hakuugua. Hodgkin, nyingi zinazorudi huwahi kabla ya mwaka wa tatu kwisha. Folikula haina kikomo cha namna hiyo.

Mimi nilihesabu miezi kwa maharage ndani ya chupa. Lilipoingia la 36 nililia kama mtoto.

Nitajuaje kama imerudi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na nitakaa hapa kidogo.

Limfoma inayorudi mara nyingi hugunduliwa na mgonjwa mwenyewe. Tafuta haya: mtoki au tezi shingoni, kwapani au kwenye kinena, gumu kidogo kama mpira, mara nyingi halina maumivu, limekaa wiki mbili bila kupungua au linazidi kukua. Homa inayopanda juu ya nyuzi 38 bila sababu. Kupungua uzito zaidi ya sehemu ya kumi ndani ya miezi sita bila kujinyima. Jasho la usiku. Hapo watu wa Pwani hunicheka: nani halowi jasho Dar es Salaam mwezi wa pili? Jasho ninalosema ni lile linaloloanisha shuka mpaka unaamka kubadilisha, hata feni ikiwa inazunguka na mwenzako kalala pembeni mkavu. Kwa Hodgkin ongeza muwasho wa mwili mzima usio na vipele, na jambo moja la ajabu ambalo hutokea kwa wachache: tezi kuuma muda mfupi baada ya kunywa pombe.

Sasa shida yetu. Homa, jasho la usiku, kukonda na mitoki ndizo dalili zilezile za kifua kikuu. Kabla sijajulikana naumwa nini, nilimeza dawa za kifua kikuu miezi minne kwenye kituo kimoja, bila kipimo chochote kilichothibitisha. Mitoki ilizidi kukua na mimi nikazidi kuambiwa nivumilie dawa zifanye kazi. Aliyeniandikia simlaumu kwa nia, maana kifua kikuu kipo kweli na kinaua, na mtu aliyepigwa kemo hukipata kwa urahisi zaidi. Lakini leo ningesema maneno matatu ambayo sikuyajua: naomba kinyama kipimwe, yaani kipande cha mtoki kichukuliwe kikasomwe maabara.

Kwa hiyo ukiona dalili, mwambie kila mhudumu mpya, kabla hajauliza lolote, "niliwahi kuwa na limfoma." Malaria ipimwe, ikikutwa, itibiwe. Makohozi yapimwe. Kama mtoki upo, uliza kama unaweza kutolewa mzima au kukatwa kipande kizuri, kwa sababu kufyonza kwa sindano nyembamba mara nyingi hakutoshi kuitambua limfoma na aina yake. Na jambo ambalo wengi hawalijui: usikubali kuanzishiwa prednisoloni kwa sababu ya uvimbe kabla kinyama hakijachukuliwa. Dawa hiyo huisinyaza limfoma kwa muda. Utajisikia vizuri wiki kadhaa, na kipimo kikija kuchukuliwa hakitaona kitu.

Usisubiri tarehe ya kliniki kama uso na shingo vinavimba, kama huwezi kupumua ukilala chali, au kama miguu inalegea na mkojo unakushinda. Hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Mbona daktari haniagizi CT kila nikija? Au ni kwa sababu sina pesa?

Hata penye pesa hawafanyi hivyo siku hizi. Kwa mtu asiye na dalili, kupiga CT mara kwa mara hakujaonyesha kuwasaidia watu kuishi zaidi, ila humwongezea mionzi na vivuli visivyo na maana vinavyomnyima usingizi. Kliniki ya kawaida ni maongezi, uzito, mikono ya daktari shingoni, kwapani, tumboni na kwenye kinena, na damu. Ratiba inayotumika sana ni kila miezi mitatu kwa miaka miwili ya mwanzo, kila miezi sita mpaka mwaka wa tano, kisha mara moja kwa mwaka.

Kama daktari hakukugusa tezi, mwambie. "Daktari, naomba unipime mitoki." Hakuna utovu wa adabu hapo.

Nitunze karatasi gani?

Zote, lakini kuna chache za kulala nazo chini ya mto. Nasema kwa uchungu: faili langu la kwanza lilipotea kwenye hospitali moja, na pamoja nalo idadi ya dripu nilizokuwa nimepata. Ilibidi ndugu yangu apekue daftari la mama, ambaye alikuwa akiandika nauli ya kila safari, ndipo tukahesabu tarehe. Nauli za mama yangu ndizo zilizotuambia nimepata dripu ngapi.

Omba ukurasa mmoja wa muhtasari wa matibabu, wenye muhuri. Uwe na: aina kamili ya limfoma na hatua yake, namba ya kinyama na maabara iliyokisoma, kwa sababu kipande chako hutunzwa ndani ya nta na kinaweza kusomwa upya hata miaka ijayo, majina ya dawa zote, na jumla ya kiasi ulichopata cha doksorubisini na bleomaisini (nitaeleza chini kwa nini hizo mbili), idadi ya mizunguko na tarehe ya mwisho, kama ulipigwa mionzi, sehemu gani na kiasi gani, na majibu ya kipimo cha mwisho. Upige picha, uutume kwenye simu za watu wawili unaowaamini. Simu hupotea, maji huingia ndani, na wewe unaweza kupelekwa hospitali huwezi kusema.

Nimemaliza miezi minne sasa, mbona bado nimechoka hivi? Nyumbani wanaona navunga.

Havungi mtu. Uchovu wa baada ya kemo hautibiwi na usingizi, unaamka nao. Kwa wengi hupungua polepole ndani ya mwaka, kwa wengine huzidi mwaka. Mimi nilikuwa nikichota maji ndoo nusu na kukaa chini. Na kichwa nacho: unaingia chumbani unasahau ulichofuata, unasoma ukurasa mmoja mara tatu. Hilo nalo linajulikana na kwa wengi hupungua.

Kwanza mwombe daktari aangalie vinavyotibika: damu kupungua, tezi thairoidi kulegea (hasa kama ulipigwa mionzi ya shingo au kifua), sonona, usingizi mbovu. Vikishakaguliwa, dawa iliyobaki inaonekana kinyume cha akili, nayo ni kutembea. Anza na dakika kumi, mpaka kwa jirani na kurudi. Ongeza taratibu hadi dakika 30, siku tano kwa wiki. Wanaojilaza tu huzidi kuchoka. Na wenye mgonjwa nyumbani nawaomba: msimkabidhi jiko lote siku alipomaliza dripu ya mwisho, kwa sababu nywele zimeota.

Vidole vina ganzi, na usiku nyayo zinawaka moto.

Hiyo ni alama ya vinkristini au vinblastini. Dawa zote mbili zilitolewa kwanza kwenye ule mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi au meupe ya petali tano, ambao umejaa kwenye bustani na makaburi ya Pwani. Nilipojua, nilikwenda kusimama mbele ya ua hilo kwa jirani yangu nikalitazama muda mrefu. (Usilichemshe. Ni sumu, dawa hutengenezwa kwa vipimo vidogo mno.)

Mishipa ya fahamu hupona pole sana, kwa miezi, na kwa wengine haimalizi. Vaa viatu hata uani, pima joto la maji kwa kiwiko, kagua nyayo jioni. Kama moto unakunyima usingizi, kuna dawa za maumivu ya mishipa. Ziulize, usimeze diklofenaki kila siku.

Ile dawa nyekundu, ni kweli inaharibu moyo?

Doksorubisini inaweza kuudhoofisha moyo, na hatari hupanda kadiri jumla yake inavyopanda maishani. Ndiyo sababu madaktari huihesabu. Kwa mizunguko sita ya kawaida ya CHOP, mchanganyiko wa dawa za limfoma ambao doksorubisini imo, jumla huwa miligramu 300 kwa kila mita ya mraba ya mwili, chini ya ukomo ambao wengi huuweka kati ya 450 na 550. Kwa hiyo usiogope kwa kuisikia tu, ila tatizo linaweza kujitokeza hata miaka mingi baadaye. Kuvimba miguu, kuhema ukipanda ngazi ulizokuwa unazipanda, kuhitaji mito mitatu kulala: hayo yanadai kipimo cha eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Pima shinikizo la damu hata ukiwa mzima. Mjamzito aliyewahi kupata dawa hii amwambie mkunga wake mapema, kwa sababu mimba hubebwa na moyo pia.

Waliopata bleomaisini wana jambo lao. Iligusa mapafu. Kabla ya upasuaji wowote, hata wa miaka mingi baadaye, mwambie mtoa usingizi neno hilo moja, bleomaisini, kwa sababu oksijeni nyingi inaweza kuyaumiza mapafu yako. Kijana mmoja aliyekuwa akizamia na watalii aliniuliza kama anaweza kurudi kwenye mitungi. Nilimwambia asishuke hata mara moja kabla mapafu hayajapimwa na daktari hajaruhusu. Sigara, kwetu sote, basi.

Nani anasema ukweli kuhusu mlonge, mstafeli na sukari?

Nianze na sukari. Kila chembe ya mwili hutumia sukari, nzima na mbovu. Kuacha ugali na wali hakuinyimi limfoma chakula, kunakunyima wewe. Soda kila siku ni mbaya kwa sababu zake nyingine. Kula samaki, maharage, mboga, mayai, matunda, ushibe.

Mlonge kwenye mboga ni chakula kizuri. Majani ya mstafeli yaliyochemshwa na kunywewa kila siku kwa miezi nayakataza waziwazi: yana kemikali inayodhuru mishipa ya fahamu, na kwenye kisiwa cha Guadeloupe wanywaji wa chai hiyo na walaji wakubwa wa tunda lenyewe wamehusishwa na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Wewe tayari una ganzi ya vinkristini. Muarobaini na mishubiri ya chupa isiyo na lebo huweza kuchokoza ini na figo, ambazo bado zinajirudishia nguvu.

Naelewa kwa nini watu wanaitafuta mitishamba. Mwaka 2011 watu kutoka kila pembe walikesha kwenye foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kikombe cha shilingi 500 na hospitali ya shilingi milioni, mtu mwenye maumivu achague kipi? Kwa hiyo simcheki anayetumia, namwomba tu afanye mambo mawili: asiache dawa wala kliniki, na amwambie daktari anakunywa nini. Hakuna mmea ulioonyeshwa kuizuia limfoma isirudi. Ungekuwepo, ningekuwa wa kwanza kuupanda mlangoni.

Naweza kufunga Ramadhani?

Aliyemaliza matibabu miezi kadhaa, uzito umerudi, damu na figo ziko sawa, wengi hufunga bila shida. Ulizia kabla ya mwezi kuandama, maana kuna dawa za kupangiwa saa upya. Ambaye bado ananyweshwa dawa kwa saa, anakonda au figo zimeguswa, asifunge. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, atalipa akipata nguvu au atatoa fidia. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga kwa ubishi na nikaanguka jikoni siku ya tatu. Shehe wa mtaani kwetu alinijia mwenyewe kuniambia nile.

Kinga yangu imerudi? Chanjo je?

Chembe nyeupe kwa kawaida hupanda wiki chache baada ya dripu ya mwisho, lakini kinga yenyewe huchukua miezi, na waliopata rituksimabu, dawa inayolenga chembe B, huchelewa zaidi. Mambo ya kushika ni haya.

Mkanda wa jeshi ukitokea, yaani malengelenge yenye moto upande mmoja wa mwili, nenda ndani ya siku tatu za mwanzo, wakati ambapo dawa hufanya kazi vizuri. Usipakwe wino wala tope.

Homa ya ini B: rituksimabu inaweza kuiamsha hata miezi baada ya kumaliza. Kama ulipewa dawa ya kuizuia, usiiache kwa sababu kemo imekwisha. Huendelea angalau mwaka mmoja baada ya rituksimabu ya mwisho, mara nyingi zaidi. Kama hukumbuki kupimwa, pimwa sasa.

Anayeishi na VVU asikose dawa za kufubaza virusi hata siku moja. Kinga iliyosimama ndiyo msaada mkubwa kwake dhidi ya limfoma na mengine yote.

Chanjo za vimelea vilivyokufa, kama ya mafua, ni salama, ila baada ya rituksimabu hushika vizuri ikipita kama miezi sita. Chanjo za vimelea hai, ikiwemo surua na homa ya manjano, zisubiri ruhusa ya daktari wako. Msafiri anayedaiwa kadi ya manjano mpakani aombe cheti cha kutochanjwa kwa sababu za kiafya. Kipo na kinatambulika.

Nitazaa? Na mwanangu atarithi?

Wengi huzaa. ABVD, dawa nilizopata mimi, huwaachia wengi uwezo wao. Saiklofosfamidi ndani ya CHOP hugusa zaidi, hasa kwa mwanamke aliyekaribia miaka 40, na dozi kubwa za kabla ya kupandikizwa uboho hugusa zaidi ya hapo. Hedhi inaweza kupotea miezi na kurudi. Mbegu za mwanamume zinaweza kuchukua hadi miaka miwili. Lakini usitegemee hilo kama uzazi wa mpango: nawajua waliopata mimba hedhi haijarudi.

Madaktari wengi hushauri kusubiri hadi miaka miwili, kwa sababu kipindi hicho ndicho chenye hatari ya kurudi na hutaki kuchagua kati ya kemo na mimba. Aliyepata rituksimabu azuie mimba angalau miezi 12 baada ya dozi ya mwisho. Mimba yenyewe haionekani kuirudisha limfoma. Na mtoto harithi ugonjwa wako.

Wanaume, mkeo akichelewa kushika mimba, nendeni wote wawili kupima. Wanawake wengi wamerudishwa kwao kwa tatizo lisilo lao.

Naambukiza?

Hapana. Kula nao, lala na mwenzako, nyonyesha kama hutumii dawa.

Mtoto wetu alikuwa na uvimbe wa taya, wakasema Burkitt. Sasa amemaliza. Tumlinde vipi?

Hii ni limfoma ya kwetu kabisa, hasa kanda ya Ziwa, magharibi mwa Kenya na Uganda. Jina lake ni la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyewaona watoto hawa hospitali ya Mulago, Kampala, akaandika habari zao mwaka 1958. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari na wenzake wawili nchi nyingi za Afrika akiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wameuona uvimbe huo, na ramani iliyotoka ililingana na maeneo ya joto, mvua na malaria. Uvimbe kutoka Uganda ndio uliowawezesha watafiti London kukiona kirusi cha Epstein-Barr mwaka 1964.

Kwa mwanao: mwaka wa kwanza usikose kliniki hata moja, hata kama anacheza mpira. Ukiona uvimbe taya au tumboni, jino kulegea bila sababu, jicho kutokeza, kushindwa kutembea, nenda bila kusubiri, kwa sababu Burkitt hukua kwa siku, si kwa miezi. Alale ndani ya chandarua. Arudi shule. Mwalimu aambiwe ukweli, ili mtoto asiitwe majina na asifukuzwe kwa kukosa shule siku za kliniki. Wazazi wengi huacha kuja kwa sababu ya nauli. Lisemeni hilo kwa muuguzi au afisa ustawi wa jamii wa hospitali, msiwaache wakisie.

Wiki moja kabla ya kliniki silali, nagombana na kila mtu.

Hata mimi, mpaka leo. Miaka ya kwanza nilijificha, nikasema mtu mwenye imani hatetemeki. Haikunisaidia. Kilichonisaidia ni vitu vidogo: kwenda na mtu, daima, kuandika maswali matatu tu kwenye karatasi, kuomba majibu yatoke siku nitakayomwona daktari. Mara moja nilifungua bahasha peke yangu ndani ya daladala, nikasoma neno nisilolielewa, nikashuka Magomeni nikiwa sijui nakwenda wapi. Neno lile lilimaanisha "kawaida".

Hofu inayokuja na kwenda pamoja na tarehe ni ya kila mmoja wetu. Ila ukipitisha wiki mbili huna hamu ya kula wala ya watu, unalia bila kujua kwa nini, au unawaza ni bora ungekufa, hilo mwambie daktari kwa maneno hayohayo. Ni ugonjwa, una dawa na una watu wa kuzungumza nao.

Nimefikisha miaka mitano. Niache kliniki?

Punguza, usiache. Baada ya miaka mitano kinachotafutwa zaidi ni masalia ya matibabu. Aliyepigwa mionzi ya shingo au kifua apime thairoidi kila mwaka, kipimo ni damu kidogo tu. Mwanamke aliyepigwa mionzi ya kifua kabla ya miaka 30 ana hatari kubwa zaidi ya saratani ya matiti, na uchunguzi wake huanza miaka kama 8 baada ya mionzi, au akifika 40, chochote kitakachotangulia. Mabinti wengi hawajaambiwa hili. Kama ulitibiwa ukiwa shuleni na sasa una watoto, rudi uulize.

Nimegusa kitezi shingoni usiku huu. Nifanye nini kabla ya asubuhi?

Umepata mafua wiki hii? Jino linauma? Kidonda kichwani, umesuka nywele za kubana? Tezi huvimba kwa hayo, na inayouma ukiigusa mara nyingi ni ya hayo. Usiendelee kuibinya, tezi inayobinywa usiku kucha huvimba kwa kubinywa. Andika tarehe, upande, na ukubwa kwa kitu unachokijua: punje ya hindi, haragwe, yai la kwale. Usiiguse tena kabla ya siku saba, kisha linganisha. Wiki mbili zikipita haijapungua, au ikizidi kukua kabla ya hapo, piga simu kliniki uombe kuja mapema. Kama kuna kipimajoto ndani ya nyumba, pima sasa na uandike namba pembeni ya tarehe.